Akida, Askari na Barua Iliyoliwa na Mchwa

Nimepotea kidogo, najua, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeolewa au nimedisko. Hakuna hata kimoja! Ni testi tu zilizofuatana kama siafu, pamoja na bumu lililochelewa, si mnajua tena. Leo nimepata nafasi, umeme upo, na wenzangu wa chumba wamekwenda kupiga msuli, kwa hiyo nikaona niandike jambo ambalo limenikaa kichwani tangu semina ya Jumanne.

Kwenye semina tuligawiwa swali: je, mwalimu wa historia anaweza kutumia riwaya darasani, au riwaya ni uongo uliopakwa rangi? Kaka mmoja wa kundi letu, yule mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, akasimama akasema riwaya ni za watu wa fasihi, sisi tunataka ushahidi. Watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa na kitabu kwenye mkoba wakati huo huo, nikanyamaza kama mwizi. Nilikinunua kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini, jalada limechanika, shilingi elfu tatu baada ya kubishana sana. Kinaitwa The Eagle of the Ninth, kimeandikwa na mama mmoja wa Kiingereza, Rosemary Sutcliff, kikatoka mwaka 1954. Nilikuwa nimekisoma kwa siku mbili, usiku wa pili kwa tochi ya simu. Sasa nataka kumjibu yule kaka, ila taratibu, maana nimegundua kwamba kwa nusu ya hoja yake yuko sahihi.

Kwanza niwaambie, msidhani habari za askari wa Kirumi ni ngeni kwetu. Waliosoma Biblia ya Kiswahili wanamjua Kornelio wa Kaisaria katika Matendo ya Mitume, na wanamjua yule wa Kapernaumu aliyekuwa na mtumishi mgonjwa. Wote wawili wanaitwa akida. Huyo ndiye afisa wa Kirumi aliyeongoza askari wapatao themanini. Sasa fikirini neno lenyewe lilivyosafiri. Akida huyo huyo ndiye Wajerumani walimtumia kutawala vijiji vyetu, akakusanya kodi na kuwatoa watu kwenda kulima pamba, hadi ikawa moja ya sababu za Maji Maji mwaka 1905. Kwa hiyo Mswahili anaposikia habari za akida wa dola kubwa aliyewekwa mpakani kwa watu wengine, neno linamletea harufu ya nyumbani. Mzungu akisoma "centurion" hapati hiyo harufu. Hilo ni la kwanza, liwekeni kando.

Sasa hadithi. Kijana Marcus ni afisa wa Kirumi anayepelekwa Uingereza, kusini magharibi, kuongoza kikosi cha askari kutoka Gaul, yaani Ufaransa ya leo. Katika pambano lake la kwanza anaumia mguu na ujeshi wake unaishia hapo hapo. Baba yake alikuwa katika Legioni ya Tisa, ambayo katika riwaya ilikwenda kaskazini mwaka 117 na haikurudi. Marcus anamnunua mtumwa mmoja, Esca, mtoto wa mkuu wa kabila aliyeshindwa vitani, anamwacha huru, halafu wawili hao wanavuka ukuta wa mpaka kwenda kuitafuta ile sanamu ya tai iliyokuwa alama ya legioni. Marcus anajifanya mganga wa macho. Wanapita kijiji hadi kijiji wakitibu watu macho huku wakitega masikio. Jamani, nilisahau hata kula. Mwaka 2011 ilitolewa filamu yake, lakini kitabu ni kitabu.

Nilipomaliza nikaanza kujiuliza kipi cha kweli na kipi mama huyu alikitunga. Hapo ndipo utamu wenyewe ulipoanza.

Legioni ya Tisa ilikuwepo kweli, iliitwa Hispana. Maandishi ya mwisho yenye tarehe yanayoitaja Uingereza ni ya jiwe la mji wa York, la mwaka 107 au 108. Baadaye katika karne hiyo hiyo, orodha ya legioni zote iliyochongwa kule Roma haina hiyo ya Tisa. Siku za Sutcliff watu wengi waliamini imeangamia kaskazini. Baadaye yakapatikana mabaki yenye jina lake Nijmegen, Uholanzi, kwa hiyo wanahistoria wengi wakaanza kuona kwamba ilihamishwa, ikaishia vita vya kwingine. Na ile sanamu ya tai? Tai wa shaba alichimbuliwa Silchester mwaka 1866, ndiye aliyemtia Sutcliff hadithi kichwani. Leo wataalamu wanasema hakuwa tai wa jeshi hata kidogo, huenda alikuwa sehemu ya sanamu ya mungu. Kwa hiyo nguzo mbili za riwaya zimetikisika. Yule kaka wa semina angekuwepo angepiga meza.

Lakini subirini. Ukuta upo. Mfalme Hadrian alifika Uingereza mwaka 122 na ukuta ukaanza kujengwa, kilomita kama 117 kutoka pwani hadi pwani, ngome ndogo kila maili ya Kirumi na minara miwili kati ya ngome na ngome. Waliojenga walikuwa hasa wanajeshi wa legioni, raia wa Roma. Waliokaa pale kulinda, kwenye upepo na mvua, wengi wao hawakuwa raia. Walikuwa askari wa vikosi vya msaada, watu wa makabila yaliyotawaliwa. Unatumikia miaka 25, ukitoka hai unapewa uraia. Wabatavi na Watungri kutoka pande za Uholanzi na Ubelgiji za leo. Wahispania. Washamu. Karne ya tatu kuna kikosi cha Wamori, watu wa Afrika ya Kaskazini, ngome ya Aballava karibu na mwisho wa ukuta upande wa magharibi. Kule South Shields kuna jiwe la kaburi la kijana Mmori aitwaye Victor, alikuwa mtumwa akaachwa huru na mpanda farasi mmoja wa jeshi, akafa ana miaka 20. Miaka 20, wadau! Umri wa mwaka wa pili. Na mfalme Septimius Severus, aliyekuja kupigana kaskazini ya ukuta huo akafia York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, ambayo iko Libya.

Kwa hiyo ukisema "askari wa Kirumi" na kichwani mwako ukaona watu wa mji wa Roma, umekosea. Wengi wao ni watu waliotawaliwa, waliotumwa kuwatawala watu wengine, mbali na kwao. Hii sentensi niliiandika kwenye daftari nikaipigia mstari mara mbili. Mtaona kwa nini.

Nyuma kidogo ya ukuta huo kuna mahali panaitwa Vindolanda. Mwaka 1973 mchimbaji Robin Birley alikuwa anachimba matope yaliyoshiba maji akakuta vipande vya mbao vyembamba kama unyoya wa penseli unaotoka ukichonga, vyenye maandishi ya wino. Zilikuwa barua! Za kama mwaka 100, kabla hata ukuta haujajengwa. Matope yale hayakupitisha hewa, kwa hiyo wadudu hawakufika na mbao hazikuoza. Tangu hapo zimepatikana mamia.

Na barua zinasema nini? Msitegemee mapanga. Mtu mmoja anaambiwa ametumiwa soksi, viatu vya kanda jozi mbili na chupi mbili. Kiongozi wa kikosi kidogo, Masclus, anamwandikia mkuu wake Cerialis aliyeongoza kikosi cha Tisa cha Wabatavi, anauliza kesho wafanye nini, halafu mwishoni anaongeza kwamba vijana hawana pombe, aagize waletewe. Mke wa mkuu mwingine, Claudia Severa, anamwalika mke wa Cerialis kwenye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba, na mistari ya mwisho ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Ni kati ya maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yaliyoandikwa na mkono wa mwanamke. Kuna mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo analalamika kwamba amepigwa fimbo bila kosa. Kuna karatasi moja, naiita karatasi tu, inawataja wenyeji kwa neno la dharau, kama kusema "vijitu vya Kibritania". Mnaijua hiyo lugha, sina haja ya kufafanua.

Iliyonishika zaidi ni ripoti ya hesabu ya kikosi cha kwanza cha Watungri. Askari wote 752. Waliokuwa nje ya kambi kwa kazi mbalimbali 456. Waliobaki kambini 296, na kati yao 31 hawafai kazi: wagonjwa 15, majeruhi 6, na wenye macho mabovu 10. Kumi wa macho! Sasa mkumbukeni Marcus wa Sutcliff anayejifanya mganga wa macho. Mama yule aliandika mwaka 1954, barua zikaanza kutoka ardhini 1973. Hakuota. Alijua kutokana na mihuri ya dawa za macho ya Kirumi iliyokuwa imepatikana kwamba ugonjwa huo ulisumbua watu sana enzi hizo, akamtengenezea shujaa wake kazi inayoweza kumfikisha popote. Kwenye kisa kikubwa cha legioni mambo yamemgeuka, kwenye macho mekundu ya watu wa kawaida kapatia. Hapo ndipo nilipopata jibu la kwanza la semina: riwaya inaweza kukosea tukio ikapatia maisha. Mwalimu aitumie, lakini aje na ripoti ya Watungri mkono wa pili.

Jibu la pili ni chungu kidogo. Hadithi za mpaka wa Roma hazikuanza na Sutcliff. Mwaka 1906 Rudyard Kipling alitoa kitabu Puck of Pook's Hill, na ndani yake yumo akida kijana, Parnesius, anayelinda ukuta ule na rafiki yake Pertinax wakati dola inaanza kulegea. Kipling aliandika Uingereza ikiwa imetawala robo ya dunia. Kila Mwingereza aliyesoma alielewa: Warumi wa jana ndio sisi wa leo. Parnesius ni afisa kijana wa kikoloni aliyevaa kofia ya chuma ya Kirumi. Sutcliff mwenyewe mwaka 1954 alikuwa raia wa nchi iliyokuwa ikitawala Tanganyika, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa. Kitabu chake kina huruma zaidi, Esca anapewa ulimi wa kusema kilichovunjwa na Warumi. Lakini macho tunayoonea safari nzima ni ya Marcus. Hata hizi za siku hizi, kama mfululizo wa Simon Scarrow ulioanza na Under the Eagle mwaka 2000, ambao una Macro, mzee wa vita asiyejua kusoma, na kijana Cato anayemfundisha kwa siri, bado tumepanda mgongo wa jeshi lenyewe. Yule Mtungri wa kumi mwenye macho mabovu hajapata riwaya yake.

Na Kipling huyo huyo, nilipomfuatilia, akanirudisha hapa hapa. Mnaijua Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, tunapokubaliana kukutana halafu mtu anachelewa saa nzima? Pale mwanzo palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Wissmann. Waingereza wakaiondoa walipoingia mwaka 1916, na hii ya askari Mwafrika ikazinduliwa mwaka 1927. Maneno yake ya Kiingereza aliyaandika Kipling. Mtu aliyekuwa amempoteza mtoto wake wa kiume vitani Ufaransa mwaka 1915, na mwili haukutambuliwa enzi za uhai wake. Maneno yenyewe yanaahidi kwamba aliyekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimepita pale mara nyingi. Wiki iliyopita nikasimama, nikazunguka, nikasoma pande zote. Sikuona jina la askari hata mmoja.

Sasa niseme kwa nini haya yamenikaa kooni.

Babu yake mama yangu alikuwa Keya. Alichukuliwa akiwa kijana, vita vya pili, akapelekwa Bama. Waliosoma wanajua kwamba divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua, matope na malaria, kuwafukuza Wajapani. Babu alikuwa mmoja wa watu hao. Mimi sikumkuta. Anayemkumbuka ni bibi, binti yake, aliyezaliwa baada ya yeye kurudi. Bibi anasema alirudi na koti zito la jeshi, sanduku la bati, na tabia ya kuamka usiku mvua ikinyesha. Akikaa na wenzake aliwachekesha kwa maneno ya Kihindi aliyookota njiani. Peke yake hakusema chochote.

Na kulikuwa na barua. Moja. Alimwandikisha mwenzake aliyejua kuandika, ikaja mpaka kijijini, ikasomwa na mwalimu wa misheni mbele ya ukoo mzima. Bibi aliikuta sandukuni akiwa msichana na aliisoma mwenyewe mara nyingi. Halafu sanduku likakaa chini ya kitanda, kwenye sakafu ya udongo, na miaka ikapita. Walipolifungua kwenye miaka ya themanini wakakuta mchwa wamejenga ndani. Koti limetoboka, barua imekuwa udongo.

Barua za Vindolanda ziliokolewa na matope. Ya kwetu ililiwa na udongo. Sina la kumlaumu mtu, ni sakafu tu.

Kuna barua moja ya Vindolanda sijawatajia. Askari mmoja, Chrauttius, anamwandikia mwenzake wa zamani, Veldeius, anamwita ndugu, na anamlaumu kwamba muda mrefu hajamwandikia. Anauliza hali za wazee, anauliza kuhusu mkasi aliokuwa ameahidiwa na mganga wa mifugo. Nilipoisoma nikampigia bibi siku hiyo hiyo. Nikamuuliza, bibi, ile barua ya babu ilisemaje? Akacheka kwanza, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema iliwasalimia watu wengi sana, kila mtu kwa jina, mpaka mwalimu aliyeisoma akachoka. Iliuliza kama pesa zimefika. Iliuliza kuhusu ng'ombe mwenye baka jeupe, amezaa au bado. Na ililalamika kwamba wenzake wanapata barua na yeye hapati. Nikamuuliza majina ya waliosalimiwa. Akataja manne, akasimama. Akasema, "Mjukuu wangu, walikuwa wengi, lakini wamenitoka."

Mwaka jana nilipomuuliza kwa mzaha tu, alitaja saba. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nilicheka kwamba mmoja aliitwa jina la siku ya juma. Sikuandika. Mimi ninayesomea kufundisha historia, mwaka wa tatu huu, nilikuwa na simu mkononi na sikuandika!

Kwa hiyo yule kaka wa semina nitamjibu hivi. Ushahidi ni kweli tunautaka. Lakini ushahidi hautungojei, na mara nyingi hatujui kwamba ni ushahidi mpaka kitu fulani kituamshe. Mimi niliamshwa na riwaya ya mitumba iliyokosea habari za Legioni ya Tisa. Bila Marcus nisingefika kwa Watungri, na bila Chrauttius nisingempigia bibi siku ile. Darasani nitafanya hivyo hivyo: wanafunzi wapate kwanza hadithi yenye mapanga, maana bila hiyo kidato cha kwanza wanasinzia, halafu niwape hesabu ya watu 752, halafu niwaulize nani hajaandikiwa hadithi na kwa nini. Halafu niwape kazi ya nyumbani: mkamuulize mzee mmoja kitu kimoja, mkiandike kama alivyosema, na majina yake yote.

Kazi hiyo inaanza na mimi. Safari ya nyumbani nimeiahirisha mara tatu, mara nauli, mara testi, mara uvivu tu. Ijumaa hii naondoka na basi la alfajiri. Nimenunua daftari gumu, simu nitaichaji usiku, na bibi nimempelekea habari kwa dada kwamba nakuja na sukari. Yale majina manne ninayo tayari, nimeyaandika ukurasa wa kwanza na kuacha mistari mitupu chini yake. Sijui itajaa mingapi.

Na nyie mlio na wazee wenu hai, acheni kwanza kudesa, pigeni simu leo. Tukutane nikirudi, Mungu akipenda. Na anayetaka kuazima kitabu aseme mapema, ila jalada lake lishike vizuri, linatoka.